Vidakuzi kwenye simu na kompyuta: ukubali vyote, uzuie baadhi, utumie hali fiche, au ufute kila ukimaliza?

Ukifungua tovuti siku hizi, kabla hujasoma hata mstari mmoja, kibao kinachomoza chini ya kioo kikikuuliza habari za vidakuzi (cookies). Wengi wetu hapa Mtwara na Lindi tunabonyeza kukubali ili kibao kituondokee, maana mtu ana haraka ya kuona bei ya korosho mnadani au majina ya waliopangiwa vyuo. Wengine wamesikia kwamba vidakuzi ni hatari, wakazima kila kitu, kisha wakashangaa akaunti zao hazifunguki. Makala hii ni kwa aliyekwama katikati.

Njia ninazolinganisha ni nne: kukubali vidakuzi vyote, kuzuia vya washirika wengine peke yake (yaani vya kampuni za nje ya tovuti unayoisoma), kutumia hali fiche (incognito), na kufuta kila unapomaliza kazi. Kuna ya tano, ya kuzima vidakuzi vyote kabisa, lakini hiyo siiweki kwenye ulinganisho. Barua pepe haitakubali uingie, mfumo wa kuomba mkopo wa elimu ya juu utakurudisha mwanzo kila ukibonyeza, na baada ya siku mbili utaiacha mwenyewe.

Kidakuzi kinafanya kazi gani

Kidakuzi ni maandishi mafupi, yasiyozidi kilobaiti 4 hivi, ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inakipelekea kivinjari chako (programu unayofungulia tovuti, kama Chrome) ili kiyatunze. Ukifungua ukurasa mwingine wa tovuti ileile, kivinjari kinayarudisha kwa seva. Si programu, wala hakiwezi kuleta virusi. Lou Montulli wa kampuni ya Netscape ndiye aliyekibuni mwaka 1994, kwa sababu wavuti wa wakati ule haukuwa na kumbukumbu: kila ukurasa uliofungua, seva ilikuona mgeni mpya, hata kama sekunde kumi nyuma ulikuwa hapohapo.

Ukiingiza nywila yako mara moja, seva inakupa kidakuzi chenye namba ndefu, na kuanzia hapo namba hiyo ndiyo inayokutambulisha. Ni kama begi uliloweka kwenye buti la basi la Dar pale stendi ya Mtwara: mwenye kile kipande cha namba ndiye anayepewa begi, na konda hana haja ya kuuliza jina. Anayekaa kwenye kompyuta uliyoacha bila kutoka kwenye akaunti amekishika kipande chako. Nywila haihitajiki tena.

Hivyo ni vidakuzi vya tovuti yenyewe. Vile vya washirika wengine vinaingia kwa mlango wa pembeni. Ukurasa wa habari unaousoma una nafasi ya tangazo, na tangazo hilo linaletwa na kampuni nyingine kabisa. Kivinjari kinapokwenda kulichukua, kampuni hiyo nayo inakupa namba yake. Jioni ukifungua tovuti tofauti yenye tangazo la kampuni ileile, namba inarudi kwake. Hivyo inajua kwamba aliyesoma bei ya pembejeo asubuhi ndiye anayesoma habari za maumivu ya mgongo usiku. Jina lako haiulizi, lakini picha ya maisha yako inaanza kujengeka.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne kwa kila njia: urahisi wa kuingia kwenye akaunti zako, bando, kiasi cha kufuatiliwa na kampuni za matangazo, na usalama pale kifaa kinaposhikwa na watu wengi.

Kigezo cha mwisho ndicho ninachokipa uzito mkubwa. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umeandikwa kwa mtu mwenye simu yake, kompyuta yake na chumba chake. Huku kwetu mwanafunzi anafanya maombi steshenari, simu ya nyumbani inazunguka kwa baba, mama na watoto, na kompyuta ya mapokezi ya nyumba ya wageni Mikindani au Kilwa Masoko inatumiwa na wahudumu wa zamu mbili. Kampuni ya matangazo iliyo Marekani inataka kukuuzia kitu. Anayekaa kwenye kiti baada yako anaweza kusoma barua zako, kubadili nywila yako na kuomba fedha kwa jina lako. Kufuatiliwa na matangazo si jambo dogo, ila hatari ya kwanza ni hiyo ya kwenye kiti.

Njia ya kwanza: kukubali vyote

Kuingia kwenye akaunti hakuna rahisi kuliko hapa. Tovuti inakukumbuka wiki nzima, lugha uliyochagua inabaki, na fomu uliyoiacha katikati mara nyingi inaendelea pale ulipoishia.

Bando haliathiriwi na vidakuzi vyenyewe, maana ni vidogo mno. Kinachokula bando ni picha na video za matangazo, na hizo zinakuja hata ukikataa. Kukataa kunabadilisha tangazo gani uonyeshwe, idadi inabaki ileile au karibu yake. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakishauriana kukataa vidakuzi ili kuokoa bando.

Kufuatiliwa, hapa umefungua mlango wote. Kidakuzi cha Google Analytics, ambacho tovuti nyingi hukitumia kuhesabu wageni, kwa kawaida kimepangiwa kudumu miaka 2. Chrome yenyewe haikubali kidakuzi kizidi siku 400 bila kuhuishwa, lakini kila ukirudi kwenye tovuti muda unaanza upya. Kwa hiyo anayetembelea tovuti ileile mara kwa mara hafiki mwisho wa hesabu.

Kwenye kifaa cha wengi, njia hii ni mbaya. Unaacha kila kitu nyuma.

Inamfaa mwenye simu yake peke yake, iliyofungwa kwa namba ya siri au alama ya kidole, ambaye matangazo yanayomfuata hayamsumbui. Mtu huyo yupo, na hakosei.

Kuhusu hivyo vibao, vimetokana na sheria za Umoja wa Ulaya: agizo la faragha ya mawasiliano la mwaka 2002, lililorekebishwa 2009, na sheria ya ulinzi wa data iitwayo GDPR iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Sisi tunaviona kwa sababu tovuti nyingi huonyesha kibao kilekile kwa kila mgeni. Jibu lako nalo linatunzwa ndani ya kidakuzi, ndiyo maana ukifuta vidakuzi swali linarudi. Na kibao kikikupa kitufe cha kukataa visivyo vya lazima, kibonyeze bila wasiwasi. Vya lazima, vile vya kuingia na kuendelea na fomu, vinabaki.

Njia ya pili: kuzuia vya washirika wengine peke yake

Hapa hutegemei kibao wala uungwana wa mwenye tovuti. Unakiagiza kivinjari chenyewe. Kwenye Chrome ya simu ya Android, ingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, utakuta sehemu ya vidakuzi vya washirika wengine. Chagua kuzuia. Inafanyika mara moja tu.

Kivinjari cha iPhone kiitwacho Safari kinavizuia chenyewe tangu Machi 2020. Firefox imefuata njia nyingine: tangu Juni 2022 kwenye kompyuta, kila tovuti inatengewa hifadhi yake, hivyo namba uliyopewa na kampuni ya matangazo ukiwa tovuti moja haionekani ukiwa tovuti nyingine. Chrome, ambayo ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi za huku, haijafika huko. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba itaviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha zaidi ya mara moja, ikabadili msimamo Julai 2024, na Aprili 2025 ikasema itaacha chaguo lilivyo mikononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo mwenye Chrome asisubiri kufanyiwa, afanye mwenyewe.

Kuingia kwenye akaunti kunabaki kama kawaida karibu kila mahali, kwa sababu vidakuzi vya tovuti yenyewe havikuguswa. Mara mojamoja utakuta dirisha la malipo lililopachikwa ndani ya ukurasa, au kitufe cha kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine, halifanyi kazi. Chrome inaruhusu kuiondoa tovuti hiyo moja kwenye zuio, nawe ukaendelea na shughuli yako.

Bando halibadiliki. Kufuatiliwa kunapungua sana, ingawa hakuishi, na nitaeleza sababu mbele.

Kwenye kifaa cha wengi, njia hii peke yake haisaidii chochote. Kidakuzi kinachomwezesha mtu kuingia kwenye barua pepe yako ni cha tovuti yenyewe, na hicho umekiacha. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wamebadilisha mpangilio, wamejiona salama, halafu wanaondoka steshenari akaunti ikiwa wazi.

Inamfaa mtu yeyote mwenye simu yake au kompyuta yake. Ningekuwa nampangia simu mwalimu wa Nanyumbu aliyenunua mpya wiki hii, ningemwekea hii kisha nikamwacha aendelee na mambo yake.

Njia ya tatu: hali fiche

Hali fiche, ambayo vivinjari vingine huiita dirisha la faragha, inaanza bila kidakuzi hata kimoja na inamaliza bila kubakiza kimoja. Ndani yake unaweza kuingia kwenye akaunti, kujaza fomu, kufanya yote. Ukifunga madirisha yote ya aina hiyo, vidakuzi vinatoweka pamoja na historia ya ulikopita.

Kwenye kifaa cha wengi hapa ndipo inapong'aa. Kwenye Chrome vidakuzi vya hali fiche vinakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haviandikwi kwenye diski. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, navyo vimekwenda. Kwa mji ambao umeme hauna ahadi, jambo hilo lina uzito wake.

Ila kuna mambo matatu ambayo watu hawaambiwi. Madirisha yote ya hali fiche yanayofunguliwa kwenye Chrome moja yanashirikiana vidakuzi. Kama aliyekutangulia ameacha lake wazi, nawe ukafungua jipya, unaweza kujikuta ndani ya akaunti yake, na anayekufuata ndani ya yako. Basi kabla ya kuanza, funga kila dirisha la hali fiche unalolikuta, kisha fungua lako. Pili, kwenye simu, kurudi kwenye skrini ya mwanzo si kufunga. Vichupo, yaani kurasa ulizofungua, vinabaki hai mpaka uvifunge mwenyewe. Tatu, faili ulilopakua linabaki. Barua ya kujiunga na chuo, nakala ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa ulichoskani: vyote vipo kwenye folda ya vipakuliwa mpaka uvifute, kisha uvifute na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Kuingia kwenye akaunti kunachosha, kwa kuwa kila safari unaandika nywila upya. Kwa mwenye nywila ndefu na simu yenye kioo kilichopasuka, hiyo ni adha ya kweli, na ninawaelewa wanaoiacha kwa sababu hiyo.

Bando linaumia kidogo. Kivinjari cha kawaida huhifadhi picha za tovuti unayoirudia, isilazimike kuzivuta tena. Hali fiche inazitupa ukifunga, hivyo kila ukirudi inazivuta upya.

Kufuatiliwa kunakatika kati ya safari moja na nyingine, na Chrome ikiwa katika hali hiyo huzuia vidakuzi vya washirika wengine bila kuagizwa. Lakini usiichukue kama kujificha. Mtandao wako wa simu unaona tovuti unazofungua, na tovuti zenyewe zinaona anwani ya IP unayotumia, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti. Kuna kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 dhidi ya Google kuhusu data zilizokusanywa watu wakiwa katika hali hii, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilikubali kufuta kumbukumbu zinazofikia mabilioni na kurekebisha maelezo yake kwa watumiaji.

Inamfaa anayetumia kifaa kisicho chake, na anayetafuta jambo la siri kwenye simu ya nyumbani. Binti anayesoma habari za afya yake ana haki ya kutoulizwa na kila anayeshika simu ile.

Njia ya nne: kufuta kila unapomaliza

Unaweza kufuta kwa mkono, au ukaagiza kivinjari kifute chenyewe kinapofungwa. Chrome ya kompyuta ina mpangilio huo, na Firefox inao kwenye kompyuta na kwenye Android.

Kwa upande wa akaunti, ni sawa na hali fiche: kila ukirudi unaingia upya, na vibao vya vidakuzi vinarudi vyote.

Kwa bando, tahadhari ni moja. Unapofuta, kivinjari kinaonyesha visanduku kadhaa, na vidakuzi ni kimoja tu kati yake. Kingine ni picha na faili zilizohifadhiwa ili kurasa zifunguke haraka. Ukikitia tiki nacho, utazivuta zote upya kwa bando lako. Kama lengo ni kutoka kwenye akaunti, tia tiki vidakuzi na data ya tovuti, picha ziache.

Kufuatiliwa kunakatika kila unapofuta, lakini ndani ya safari moja unafuatiliwa kama kawaida, isipokuwa umechanganya na njia ya pili. Zikichanganywa zinapatana vizuri.

Kwenye kifaa cha wengi, nguvu yake ni kwamba haimtegemei mteja. Mwenye steshenari akishaweka, kila kivinjari kinapofungwa, aliyesahau naye amelindwa. Udhaifu ni kwamba lazima kivinjari kifungwe kweli, madirisha yote. Umeme ukikatika kabla, huenda kufuta kusifanyike, na kivinjari kikiwaka kinaweza hata kujitolea kurudisha kurasa zilizokuwa wazi.

Inamfaa mwenye kompyuta zinazotumiwa na wateja au wafanyakazi wengi.

Yasiyobadilika hata ukichagua ipi

Hata bila kidakuzi, seva inaona anwani ya IP, aina ya simu, kivinjari na lugha yake, ukurasa uliofungua na saa uliyoufungua. Kwenye mtandao wa simu, anwani hiyo mara nyingi hushirikiwa na wateja wengi kwa pamoja, hivyo haikutaji wewe peke yako, lakini ni alama mojawapo.

Kiungo unachokibonyeza ndani ya Facebook au Instagram hufunguka ndani ya programu hiyohiyo, na vidakuzi vyake havimo kwenye Chrome. Yote uliyopanga kwenye Chrome hayafiki huko. Na programu za simu hazihitaji vidakuzi kwa matangazo: Android ina kitambulisho cha matangazo ambacho kwenye simu za karibuni unaweza kukifuta kupitia mipangilio ya faragha. Ukiwa umeshafika kwenye mipangilio, malizia na hilo.

Sheria ya Tanzania nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanya kwa lengo gani, na inakupa haki ya kukataa zisitumike kukuletea matangazo ya biashara. Inamgusa hata mwenye nyumba ya wageni anayepokea majina na namba za wageni kupitia tovuti yake.

Kwa hali yako

Una simu yako, hakuna mwingine anayeishika: njia ya pili. Ukichoka na vibao, bonyeza lolote. Kivinjari kimeshakufanyia kazi.

Simu ni ya nyumba nzima, iwe Liwale au Chikongola: acha njia ya pili ikiwa imewashwa, kisha kila mtu atumie hali fiche kwa barua pepe na mambo yake binafsi. Mkubaliane kufunga vichupo kabla ya kukabidhiana.

Wewe ni mwanafunzi na unafanya maombi ya chuo au mkopo steshenari: hali fiche, baada ya kufunga madirisha uliyoyakuta. Usimpe mhudumu nywila akuingizie. Kaa mwenyewe kwenye kiti. Ukiulizwa na kivinjari kama kihifadhi nywila, kataa. Kama umefungua WhatsApp kwenye kompyuta ile ili uchapishe faili, kabla hujaondoka fungua simu yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uiondoe.

Wewe ndiye mwenye steshenari, au karani wa chama cha msingi ambaye kompyuta ya ofisi inashikwa na wenzako msimu wa minada: njia ya nne kwenye kila kompyuta, na kila mfanyakazi afunguliwe akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta. Wekeni pia zamu ya kusafisha folda ya vipakuliwa kila jioni.

Bando lako ni dogo na kifaa ni chako: njia ya pili, usifute picha zilizohifadhiwa, na usitumie hali fiche kwa tovuti unazozirudia kila siku.

Na kama umesoma hadi hapa ukakumbuka kompyuta fulani uliyoiacha wazi, hujachelewa. Fungua akaunti yako kwenye simu, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, uondoe usivyovitambua na ile kompyuta. Seva itaacha kuitambua ile namba, hata kama kidakuzi bado kipo kwenye kompyuta. Kisha badilisha nywila, na uhakikishe namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti bado ni zako.